Rovu Langu na Kikombe Chenye Alama

Kama kifungo cha juu cha blauzi yako kimeanza kukataa kufunga, ilhali nguo nyingine zote zinakupwaya, soma haya kabla hujakimbilia dukani kununua chumvi. Mimi nilikimbilia. Niliilamba, nikaikoroga kwenye maji ya vuguvugu nikanywa asubuhi na jioni, na mpaka leo nikimwona mtu anachovya embe bichi kwenye chumvi, huinuka nikaenda zangu.

Siandiki kwa sababu napenda kujieleza. Sipendi. Ugonjwa ulinifanya nichukie kutazamwa, na kujiandika ni namna ya kujianika uwanjani. Lakini mficha uchi hazai. Najua kuna mwanamke mahali fulani ambaye leo amemaliza sufuria nzima ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage, bado ana njaa, mifupa ya mabega imemtoka, na majirani wameshaamua anaumwa nini. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Nilikuwa nafundisha darasa la sita katika shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Machakos. Mume wangu, Kioko, alifanya kazi Athi River na kurudi nyumbani Jumamosi. Binti yetu Mwende alizaliwa katika mvua za El Niño, zile zilizobomoa matuta ya mashamba yetu. Alipofikisha miezi minne, mvua zikiwa zimekwisha, ndipo mimi nikaanza kulowa.

Jasho lilinitoka nikiwa nimekaa. Lilinitoka nikioga. Nilikuwa nikisimama ubaoni nalisikia linashuka katikati ya mgongo mpaka kiunoni, na lilikuwa na harufu ya kitu kilichochachuka ambayo sabuni haikuiondoa. Mikono ikaanza kutetemeka, mwandiko wangu niliojivunia ukawa kama njia ya siafu. Nywele zilibaki kwenye kitana mafungu mafungu. Kisha tumbo. Kati ya kipindi cha kwanza na mapumziko nilikuwa nimekwenda chooni mara tatu, na choo cha shimo cha shule yenye watoto mia tatu si mahali pa kwenda hata mara moja. Nilichutama mle na nzi wakinitambaa usoni, moyo ukinidunda kama nimepanda mlima, nikajichukia kabisa.

Na huku nilikuwa nakula! Nilikula kama wanaume wawili waliotoka kuchimba mitaro, nikazidi kukonda. Macho nayo yakatoka nje, yakakataa kufumba vizuri. Vumbi la barabarani lilikuwa likiingia na kukaa humo, na asubuhi niliamka na ukoko wa manjano kwenye kope. Mwisho likaja rovu lenyewe, laini, pana, likipanda na kushuka nikimeza mate.

Utasema mwalimu angejua. Shida ndiyo hiyo, nilijua. Kila mwaka nilikuwa nachora ubaoni mwanamke mwenye uvimbe shingoni, naandika chini yake kwamba rovu huletwa na ukosefu wa iodini na kwamba kinga yake ni chumvi yenye iodini. Watoto walinakili, nikawatia alama ya vema. Sasa yule mwanamke wa ubaoni nilikuwa mimi. Niliona aibu ya mwalimu wa hesabu aliyeshindwa kujumlisha. Sikumwambia mtu. Nilivaa kitambaa shingoni kwenye joto lote lile, nikajitibu kwa somo langu mwenyewe.

Mwezi wa saba nilikwenda Mitaboni kwa mama mkwe kusaidia kuvuna mbaazi. Mama mkwe wangu namwita Mwaitu, kama Wakamba wanavyomwita mama, na nilimheshimu kabla ya hapo. Siku mbili alinitazama mikono tu. Siku ya tatu nilikuwa nimekaa kivulini namnyonyesha Mwende. Akaja, akaingiza kidole kwenye pembe ya mdomo wa mtoto kama anayemtoa ndama kwa mama yake, akamchomoa.

"Hii maziwa hatakunywa tena," akasema. "Kuna ng'ombe hapa."

"Mwaitu, mtoto ana miezi saba."

"Niko na macho, Mama Mwende. Tumezika watu wawili hapa kwa jirani, na wote walianza hivyo. Wewe enda upumzike. Mtoto nitalea."

Nilimgeukia Kioko, aliyefika asubuhi hiyo kutoka kazini. Alikuwa anapekua mbaazi kwenye ungo kana kwamba kuna moja iliyoandikwa jibu.

"Mwaitu amesema tungoje kidogo," akasema. "Tuone."

Tuone nini? Nife? Watu wameniuliza kwa nini sikupigana. Ukweli ni kwamba mimi pia nilidhani ninao. Miaka ile hakuna aliyeutaja ule ugonjwa kwa jina, lakini kila aliyekonda alikuwa nao, na lisemwalo lipo. Niliyaangalia maziwa yaliyokuwa yakiniloweka kifua nikayaona kama sumu. Nilimwacha mwanangu pale, nikarudi Machakos nimejifunga khanga mbili kifuani, na maziwa yakaniganda, yakanuka, yakakauka.

Jumapili nilikuwa nakwenda kumwona. Jumapili ya kwanza nilipewa chai kwenye kikombe cha bati cheupe, na kwenye mkono wa kikombe hicho kulikuwa na alama nyekundu ya rangi ya kucha. Wengine walinywa kwenye vikombe visivyo na kitu. Nilikinywea. Nilipomaliza, Mwaitu alikichukua kwa vidole viwili, akakimwagia maji ya moto nje ya jikoni, akakipachika kwenye kijiti uani, peke yake. Kila Jumapili kikombe kile. Mwende akajifunza kukaa mapajani mwa nyanya yake akinitazama nikikinywea, na akijaribu kukigusa nyanya anamwambia, "Asi! Wacha! Hiyo ni ya mama." Akikishika kabla hajazuiwa, anapanguswa mikono kwa pindo la leso, kidole baada ya kidole.

Nilikuwa nakinywea mpaka mwisho. Halafu narudi nyumbani nakunywa maji ya chumvi.

Chumvi niliinunua mjini kwa Halima, mama wa Kisomali aliyekuwa na duka la vyakula karibu na soko. Mumewe alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, Halima ndiye aliyekaa kaunta. Siku moja mwezi wa kumi niliomba pakiti nne, akazishikilia asinipe.

"Mwalimu, wiki jana umechukua nne. Uko na ng'ombe?"

"Sina."

"Basi hii chumvi yote unapeleka wapi? Toa hiyo kitambaa."

Sijui kwa nini nilitii. Pengine kwa sababu hakuuliza kwa huruma, na huruma ilikuwa imeshanichosha. Nilifungua kitambaa mbele ya magunia ya mchele. Aliangalia shingo, akaangalia macho, akaniambia ninyooshe mikono, ikatetemeka kama kawaida yake.

"Walahi, hii ni kama ya dada yangu," akasema. "Macho hivi hivi. Alikula vidonge, sasa ana watoto watano na mdomo mrefu. Wacha chumvi. Kesho tunaenda hospitali, mimi na wewe."

Watu wanaosifu subira hawajakaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Lile benchi lilikuwa jeusi kwa mafuta ya migongo ya watu, linanata. Kulinuka dawa ya kusafishia sakafu na mkojo uliojificha chini yake. Mzee mmoja alikohoa kwenye leso, akaifungua, akachunguza alichotoa kwa utulivu kama anasoma barua, kisha akaikunja akaitia mfukoni. Mwanamke nisiyemjua aliinama akalibonyeza rovu langu kwa kidole. "Inauma?" akauliza. Nilitamani kumbonyeza jicho nimuulize vivyo hivyo.

Saa sita Halima akafungua chupa yake ya chai. Kifuniko kilikuwa kimoja. Akajimiminia, akanywa nusu, akanipa iliyobaki. Nikamwambia polepole kwamba watu wanasema nina ule ugonjwa.

"Watu wanasema," akajibu. "Kunywa, inapoa."

Nilikunywa. Ilikuwa miezi mitatu tangu nilipokunywa kitu kwenye chombo kilichogusa mdomo wa mtu mwingine. Nililia pale pale kwenye benchi linalonata, kwa macho haya yasiyofumba, na mandazi yangu yakalowa.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, sauti ya ukali. Alichukua damu mara mbili. Ya kwanza ilipimwa pale pale, kutafuta ule ugonjwa usiotajwa. Sikuwa nao. Ya pili ilipelekwa Nairobi na majibu yakachukua wiki tatu. Niliporudi alinikuta na maneno yangu ya ubaoni tayari, kwamba ni ukosefu wa iodini. Akacheka bila furaha.

"Mwalimu, shule yenu iko na kengele?"

Ipo, nikamwambia. Ringi ya gari kuukuu imening'inizwa mtini, inagongwa kwa nondo.

"Nani anaamua igongwe?"

"Mwalimu mkuu."

"Sawa. Kichwani mwako kuna mwalimu mkuu. Anaangalia damu. Akiona dawa ya shingo imepungua, anagonga kengele, tezi ya shingo inafanya kazi. Inachukua iodini kutoka kwa chakula, inatengeneza ile dawa inayoambia mwili uende haraka au polepole. Ikitosha, anaacha kugonga. Sasa wewe, kuna kichaa ameingia uwanjani. Anagonga kengele mchana kutwa. Mwalimu mkuu ameacha kugonga kitambo, hakuna anayejali. Tezi inafanya kazi mpaka inavimba, na mwili wako unakimbia mpaka unajila. Na wewe unaipelekea tezi chumvi, yaani unaiongezea mahindi ya kusaga."

Huyo kichaa, akasema, ni kinga ya mwili wangu mwenyewe iliyopotoka, na mara nyingine huanza hivyo baada ya kuzaa. Hakuna aliyeniambukiza wala hakuna nitakayemwambukiza. Hiyo ndiyo nadharia yote nitakayokupa. Nyingine muulize daktari wako.

Nilipewa vidonge vya kuizuia tezi, sita kwa siku, na vingine vya kutuliza moyo, na dawa ya matone ya macho. Jumapili ile nilikwenda Mitaboni na karatasi ya hospitali kwenye mkoba, nimeifunga ndani ya karatasi nyingine ili isichafuke. Kioko aliisoma mara mbili. Mwaitu hakuigusa.

"Karatasi inaandikwa na mtu," akasema. "Mwili unaandikwa na Mungu. Nenepa, nione."

Kioko akaikunja akanirudishia. "Si utanenepa tu," akasema. Nilimchukia siku hiyo kuliko mama yake.

Basi nikanenepa. Kufikia Januari jasho lilikuwa limekatika, chaki ilikuwa imetulia mkononi, na mashavu yalikuwa yamerudi. Daktari alipima tena, akaniambia nipunguze vidonge viwe vitatu, kwani vilikuwa vimefanya kazi ya kutosha. Niliitikia. Jumapili iliyofuata Mwaitu alinishika shavu, alinishika kweli, kwa mkono wake, mara ya kwanza tangu mbaazi.

"Sasa unakaa kama mtu," akasema. "Ukiendelea hivi mpaka mbaazi ikomae, mtoto atarudi."

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize, wewe unayesoma. Sikupunguza. Niliendelea na sita. Vya ziada nilinunua duka la dawa, na kliniki nikaacha kwenda ili nisikamatwe. Nilijua kwamba vidonge vingi kupita kiasi vingeizima tezi kabisa, na kwamba tezi ikizimika mtu huvimba. Nilitaka kuvimba. Nilikuwa tayari kuutia mwili wangu ugonjwa wa pili ili watu wasadiki kwamba nimepona wa kwanza.

Ule wa pili ulikuwa mchafu kwa namna yake. Jua la Machakos likiwaka mimi nilivaa sweta. Ngozi ilikauka ikawa inapukutika kwenye shuka kama pumba. Uso ulijaa, kope zikavimba, ulimi ukawa mzito mdomoni, sauti ikawa ya mwanamume. Choo, kilichokuwa mara tatu kabla ya mapumziko, kikawa mara moja kwa wiki, na kwa machozi. Rovu, ambalo lilikuwa limeanza kupungua, likarudi kubwa kuliko kwanza. Na kila mtu alinisifu! Kanisani, sokoni, ofisi ya walimu, wote: mwalimu umependeza, mwalimu umeng'aa. Nilikuwa nimeoza ndani na watu wananipa pongezi. Sijawahi kuona kinyaa kwa sifa kama miezi ile.

Lakini mbaazi zilikomaa, na Mwaitu alikuwa mtu wa neno lake. Mwezi wa nane aliniletea Mwende mwenyewe, amemvalisha gauni jipya la njano. Vitu vyake vilikuwa kwenye kiondo. Nilipokuwa natoa nguo moja moja, chini kabisa nikakuta kile kikombe cha bati chenye alama nyekundu.

"Hiyo ni yako," akasema, bila ubaya wowote. Kama vile mtu anavyorudisha sahani ya jirani.

Mwende hakunijua. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi tisa, na mama aliyemzoea alikuwa wa Jumapili tu. Wiki mbili alilia akimwita nyanya. Wiki ya tatu, Jumamosi mchana, nilikuwa nimekaa kwenye kigoda jikoni nachemsha chai, na usingizi ukanishika. Ulikuwa ukinishika popote siku hizo, hata darasani. Nilizinduliwa na kishindo. Mwende alikuwa ameivuta sufuria ikaanguka, na chai ilikuwa inafuka mvuke kwenye sakafu, shibiri moja kutoka vidole vyake vya miguu. Alisimama akinitazama. Hakulia hata kidogo. Alikuwa anangoja nifanye kitu, na mimi ilinichukua muda kuinuka, jinsi mwili ulivyokuwa mzito.

Jumatatu nilikuwa kwenye lile benchi. Daktari alinigusa goti kwa kinyundo, akaangalia ngozi, akauliza ninakunywa vidonge vingapi. Nikamwambia. Akauliza kwa nini. Nikamwambia hilo nalo, lote, mpaka kikombe.

Alivua miwani. Nilidhani atanifokea. "Sasa mwalimu mkuu ameamka," akasema. "Anagonga kengele kwa nguvu zake zote, na wanafunzi umewafunga mikono kwa vidonge. Ndiyo maana rovu imekua." Kisha akasema, "Utakonda, Mama Mwende. Kidogo tu, lakini utakonda. Hakuna njia nyingine ya kupona."

Nilirudi nyumbani na vidonge viwili kwa siku na hofu ambayo hakuna kidonge chake. Kioko nilimwambia Jumamosi hiyo, si kwa kumwomba. Nilimwambia nitakonda, na mama yake atakuja, na siku hiyo asipofungua mdomo asahau njia ya nyumba hii.  Akaenda akaosha vyombo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Sikujua kama nilichukulie kuwa jibu au la.

Nilikonda. Mvua za Novemba zilinikuta sweta nimeivua, za Machi zilinikuta nimeanza kucheka. Macho yalirudi ndani kiasi, ingawa la kushoto hata leo linamtazama mtu kwa mshangao. Nilikuwa sasa na mwili wangu wa kabla ya kuzaa, si mnene wala mwembamba, wa mtu tu. Na habari zikafika Mitaboni kwamba mke wa Kioko amekonda tena.

Alikuja Agosti, na mfuko wa mbaazi mbichi kama zawadi. Ilikuwa Jumamosi, Kioko yupo. Mwaitu alikaa kwenye kochi akanikagua kuanzia viganja hadi shingo. Mwende alikuwa na miaka miwili na miezi tisa, anapenda kazi za watu wakubwa. Akaleta vikombe kutoka kabatini, kimoja kimoja. Cha nyanya. Cha baba. Chake mwenyewe cha plastiki. Kisha kile cha bati, akakiweka mbele yangu.

"Hii ni ya mama," akasema.

Ningeweza kukitupa wakati wowote mwaka mzima uliopita. Sikukitupa. Sijui kwa nini, labda nilitaka kuwa na ushahidi.

"Umekonda," Mwaitu akasema. "Nimekuja kumchukua, akae kwangu mpaka tuone."

"Hapana, Mwaitu," akasema Kioko. Akasogeza kikombe chake pembeni, akarudia. "Hapana. Tumeona ya kutosha."

 Nikamimina chai kwenye kikombe changu, nikaipoza, nikanywa nusu. Mikono haikutetemeka. Nikamwita Mwende, nikamnyooshea kikombe.

"Kunywa, mama."

Mwaitu alinyoosha mkono kumzuia, ukabaki hewani. Mwende alimtazama nyanya yake, akanitazama mimi, akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Akashika pindo la gauni lake, akaufuta ukingo wote taratibu, mzunguko mzima, kama alivyofundishwa. Kisha akanywa chai yote.